Richmond: taarifa moja, macho mawili

Shilingi milioni 152 kwa siku. Hiyo ndiyo tarakimu ambayo watu wengi wamebaki nayo kutoka sakata la Richmond, mkataba wa umeme wa dharura uliosainiwa Tanzania mwaka 2006, na wengi wanaoitaja hawajui ilikuwa ikilipia nini. Nianze hapo, kabla ya kufika kwa watu na vyama vyao.

Mkataba wa umeme wa dharura huwa na malipo ya aina mbili. Ya kwanza ni ya mtambo kukaa tayari, wenyewe huyaita kapasiti chaji: mnunuzi analipa kila siku, mtambo uzunguke ama ulale. Ya pili ni ya umeme wenyewe, kwa kila yuniti inayoingia kwenye gridi. Zidisha 152 kwa siku 365, unapata zaidi ya bilioni 55 kwa mwaka, hata kama haikuwaka balbu moja. Malipo ya namna hii peke yake si wizi. Hakuna mwenye mtambo atakayeuleta ukae bure. Tatizo huanza pale anayelipwa asipokuwa na mtambo, wala fedha za kuununua, wala historia ya kazi hiyo.

Mwaka 2006 ukame ulikuwa umekausha mabwawa ya kuzalisha umeme na mgawo wa umeme ulikuwa umeshika nchi. Zabuni ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, ilikwama, wizara ikalichukua suala mkononi, na tarehe 23 Juni 2006 mkataba wa megawati 100 ukasainiwa na Richmond, kampuni iliyojitambulisha kuwa ya Houston, Texas. Mitambo ikachelewa. Desemba mwaka huohuo mkataba ukahamishiwa kampuni nyingine, Dowans. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ilichunguza mwaka 2007 ikasema haikuona rushwa. Kisha Bunge likaunda kamati teule ya watu watano chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, nayo ikasoma taarifa yake tarehe 6 Februari 2008: Richmond ilikuwa kampuni ya mfukoni, yaani ya jina tu, isiyo na uwezo wa kazi hiyo. Kuhusu Waziri Mkuu Edward Lowassa, kamati haikusema ana hatia. Ilimwachia ajipime mwenyewe. Kesho yake akasimama bungeni, akalalamika kwamba kamati haikumwita hata kumuuliza swali moja, kisha akatangaza kujiuzulu. Hakuwahi kushtakiwa.

Hapo pana vitu vitatu ambavyo kijiweni huchanganywa kuwa kimoja. Tuhuma ni kauli ya mtu. Taarifa ya kamati ni matokeo ya uchunguzi wa kisiasa, yenye mapendekezo. Hukumu hutoka mahakamani, baada ya mshtakiwa kujitetea. Kujiuzulu hakumo katika hivyo vitatu. Ni kuwajibika, na kuwajibika husomwa kwa miwani ya msomaji. Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani Januari 1977 kwa mauaji yaliyofanywa na watumishi wa vyombo vilivyokuwa chini yake Mwanza na Shinyanga. Leo kule kujiuzulu kwake kunasimuliwa kama uungwana, na mwaka 1985 alikuwa Rais. Kwa Lowassa, kitendo kilekile upande mmoja ulikisoma kama kukiri na mwingine ukakiita ajali ya kisiasa.

Sasa tazama tarehe. Tarehe 15 Septemba 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa wa chama cha upinzani cha Chadema alisoma majina 11 aliyoyaita ya mafisadi. Lowassa alikuwemo. Kwa miaka karibu minane hilo lilikuwa wimbo wa upinzani, na makada wa CCM, chama tawala, waliomtetea walisema ni chuki na wivu. Mwaka 2011 CCM yenyewe ikaingia kwenye kampeni ya kujivua gamba, yaani kujisafisha kwa kuwaondoa watuhumiwa wa ufisadi, na kila mtu alijua magamba yaliyokusudiwa ni ya nani.

Julai 2015, Dodoma, jina la Lowassa likakatwa kwenye mchujo wa CCM wa kumpata mgombea urais. Wajumbe wakaimba kwamba wana imani naye, mwenyekiti wao akiwa mbele yao. Tarehe 28 Julai akahamia Chadema. Hapo ndipo neno "fisadi" lilipobadilisha kiti ndani ya wiki moja. Makamanda, kama wanavyojiita wafuasi wa Chadema, waliolisema tangu Mwembeyanga wakaanza kudai ushahidi wa mahakamani, hoja ya haki kabisa ambayo hawakuwahi kumpa alipokuwa upande wa pili. Makada waliomtetea wakakumbuka ghafla milioni 152. Yeye mwenyewe alisema mwenye ushahidi aende mahakamani, na kwamba uamuzi wa mkataba ule ulitoka ngazi ya juu yake. Slaa hakuweza kumeza. Septemba mosi akatangaza kuachana na siasa za vyama. Ukipenda usipende msimamo wake, ndiye mmoja kati ya wachache ambao hawakubadilisha sentensi.

Mafuriko ya watu kwenye mikutano hayakuwa ya maigizo. Katika uchaguzi wa Oktoba 2015 kura 6,072,848 zilihesabiwa kwake, asilimia 39.97, dhidi ya asilimia 58.46 za John Magufuli wa CCM. Mimi sidhani watu milioni sita walidanganywa. Wengi walikuwa wamelipima jambo wakaona mfumo ni mkubwa kuliko mtu, na kwamba mtu aliyetupwa na mfumo ndiye anayeweza kuuangusha. Ni hesabu inayoeleweka, ila ilihitaji taarifa ya 2008 iwekwe chini ya godoro. Machi mosi 2019 akarudi CCM, na viti vikabadilishana tena, safari hii kimyakimya.

Katika muda huo wote taarifa ya Mwakyembe haikubadilika hata nukta. Anayetaka kupima kiongozi wa chama chake aanze na karatasi kabla ya jina: nani alisaini, lini, kampuni ilikuwa na uwezo gani siku ile, malipo yalianza kuhesabiwa tangu lini, na nani alihamishiwa deni. Hilo la mwisho husahauliwa zaidi ya yote. TANESCO ilipouvunja mkataba mwaka 2008, Dowans ilikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na Novemba 2010 ikapewa tuzo ya zaidi ya dola milioni 65. Kwa hiyo hata kukasirika kuna gharama: mkataba mbaya ukivunjwa vibaya hulipwa mara mbili, na wa kulipa ni mwenye luku, yaani mteja wa kawaida wa umeme.

Waliojiuzulu Februari 2008 walikuwa watatu. Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha, waliopokezana Wizara ya Nishati na Madini mwaka 2006, nao waliondoka. Hao wawili hawakupata mafuriko wala matusi ya miaka kumi, na sijaona fulana yenye picha ya yeyote kati yao.