Upasuaji wa Mkojo Unaovuja Nikiwa na Bakteria Sugu: Uzoefu Wangu

Mkojo ulianza kunitoka bila hiari baada ya kumzaa mtoto wangu wa tatu, na kwa miaka kadhaa nilijisitiri kwa pedi na khanga za rangi nzito kila nilipojua kwamba nitasimama mbele ya watu. Hapa Dar es Salaam mwanamke akisema kwamba anavuja mkojo, wengi hufikiria fistula, na mimi mwenyewe nilikwenda kliniki nikiamini hivyo. Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake alinijaza maji kibofuni, akaniambia nikohoe, kisha akanieleza kwamba fistula ni tundu kati ya kibofu na uke, linalosababishwa mara nyingi na uchungu uliokwama kwa muda mrefu, na kwamba mwenye nalo hutiririkwa na mkojo usiku na mchana. Mimi nilikuwa nimelegea misuli na tishu zinazoshikilia njia ya mkojo, ndiyo maana ulinitoka pale tu nilipokohoa, kucheka au kuinua ndoo. Mazoezi ya misuli ya nyonga, yale ambayo Mmarekani Arnold Kegel aliyaeleza mwaka 1948, niliyafanya kwa bidii nikisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, nayo yalinipunguzia adha, ila si kwa kiasi cha kuniwezesha kufundisha kutwa nzima bila hofu. Ndipo likaja suala la upasuaji.

Hapo historia yangu ikaanza kuwa na uzito. Mtoto huyo wa tatu alizaliwa kwa upasuaji wa dharura, na kidonda kilitunga usaha nikiwa bado wodini. Sindano za antibayotiki iitwayo seftriaksoni hazikufua dafu. Maabara ilikuta bakteria aina ya Escherichia coli wenye vimeng'enya vinavyovunja jamii nzima ya penisilini pamoja na dawa kama hiyo seftriaksoni. Bakteria wa kundi hilo ni miongoni mwa wale ambao Shirika la Afya Duniani liliwaweka, mwaka 2017, katika ngazi ya juu kabisa ya orodha ya vimelea vinavyohitaji dawa mpya kwa haraka. Kidonda kilipona, lakini bakteria hao hukaa utumboni bila kumsumbua mtu, na kutoka hapo kufika kwenye njia ya mkojo wa mwanamke ni hatua fupi. Kila baada ya muda nilirudiwa na kile kinachoitwa mitaani UTI sugu.

Wifi yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenisisitiza: "Wifi, usiende kupasuliwa bila kumwonesha daktari yale majibu ya zamani." Niliyapeleka. Daktari aliyasoma, akasema, "Mama, sikupasui mpaka nijue mkojo wako una nini sasa hivi." Akaagiza kipimo cha kuotesha mkojo, ambacho huonesha aina ya bakteria na dawa zinazoweza kuwaua, tofauti na kile cha haraka ambacho huishia kusema kuna maambukizi au hakuna. Bakteria walikuwa wale wale: seftriaksoni na siprofloksasini hazikuwagusa, bali nitrofurantoini, amikasini na meropenemu ziliwaweza. Nilipewa vidonge vya nitrofurantoini, kwa sababu vinafanya kazi palepale kwenye mkojo, na meropenemu ikaachwa kwa ajili ya wagonjwa mahututi. Mkojo ulioteshwa upya, ukawa safi, ndipo tarehe ikapangwa.

Uamuzi mgumu zaidi ulihusu kile ambacho kingewekwa chini ya njia ya mkojo ili kuishikilia. Tangu miaka ya 1990 upasuaji uliotumika sana duniani ni wa mkanda wa wavu wa plastiki, uliobuniwa na Ulf Ulmsten wa Sweden. Ni wa muda mfupi, na wanawake wengi umewasaidia. Hata hivyo, Uingereza ilisimamisha matumizi yake mwezi Julai 2018, isipokuwa kwa masharti makali, baada ya malalamiko ya wanawake waliopata maumivu ya kudumu na wavu kukata nyama za uke. Kwangu kulikuwa na sababu ya ziada. Bakteria wakishafika kwenye kitu kigeni mwilini hujijengea utando unaowakinga dhidi ya dawa na dhidi ya kinga ya mwili, na kwa bakteria ambao tayari wana usugu, suluhisho linaweza kuwa kuung'oa wavu wenyewe. Nilichagua njia ya zamani, ambapo daktari huchukua ukanda wa tishu ngumu inayofunika misuli ya tumbo ya mgonjwa mwenyewe na kuutumia kama mkanda. Kovu ni kubwa zaidi na kupona huchukua muda mrefu, nami sikujutia hata kidogo.

Wakati wa maandalizi niliomba nisinyolewe kwa wembe, kwa kuwa michubuko midogo ya wembe hufungulia bakteria mlango, na muuguzi akakubali bila ubishi. Sindano ya antibayotiki ya kukinga maambukizi kabla ya kisu ilichaguliwa kwa kufuata majibu ya maabara, ikawa amikasini badala ya seftriaksoni ya mazoea, na baada ya upasuaji sikuendelezewa antibayotiki yoyote. Shangazi alishangaa kuona natoka bila mfuko wa dawa, alihisi nimepunjwa.

Niliomba pia iandikwe kwenye faili kwamba nimebeba bakteria sugu. Watu hudhani kufanya hivyo ni kujidhalilisha, lakini mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na kidonda kibichi, na mikono iliyoshika mpira wangu wa mkojo ndiyo ingemhudumia yeye. Kuanzia hapo wauguzi walivaa glavu na kutakasa mikono kila walipotoka kwangu.

Mpira wenyewe ulitolewa mapema, kwa sababu kila siku unayobaki nao huongeza uwezekano wa maambukizi. Kibofu kiligoma kumaliza mkojo, jambo ambalo ni la kawaida baada ya upasuaji wa aina hii, na badala ya kurudishiwa mpira wa kukaa nao nilifundishwa kujiingizia mrija mdogo safi, kutoa mkojo, kisha kuuondoa. Niliona aibu mwanzoni, halafu nikazoea, na kibofu kikarudi polepole hadi sikuhitaji tena.

Sasa nakohoa na kucheka bila kulowa. Iliyobaki ni haraka ya kwenda chooni ambayo sikuwa nayo zamani, na kwa hiyo naendelea na mazoezi ya kibofu. Picha ya majibu ya maabara ipo kwenye simu yangu, na huionesha kwanza katika kila hospitali kabla sijaandikiwa antibayotiki.