Usiku Mmoja kwa Masista wa Ndanda

Tulitoka Lindi alfajiri, mimi na mama yangu mdogo, aliyepewa rufaa kwenda Hospitali ya Mtakatifu Benedikto, Ndanda. Baada ya Mnazi Mmoja tulipita Mtama na Nyangao, mikorosho ikiwa imeshaanza kuangusha mabibo, mpaka ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde ukajitokeza upande wa kushoto.

Mama mdogo alilazwa, nami nikabaki sina pa kulala. Muuguzi akanielekeza nyumba ya masista Wabenediktini. Nilisita getini, kwa kuwa nilikuwa nimejitanda ushungi na sikumjua mtu yeyote mle ndani.

“Shikamoo, Sista.”

“Marahaba, mwanangu. Nani mgonjwa?”

Sista huyo, mtu mzima wa makamo ya bibi yangu, alinipokea kikapu kabla sijamaliza kujieleza. Chumba alichonipa kilikuwa na kitanda, chandarua na msalaba ukutani. Punde akarudi na birika la maji na mkeka, akanyoosha mkono kuelekea kaskazini, akasema wageni wake wengi wa pwani huswali wakielekea huko. Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu swala, na mpaka leo nikiukumbuka ule mkono moyo wangu hujaa.

Usiku tulikula ugali wa muhogo na mbaazi za nazi. Nilimuuliza kwa nini hakutaka kwanza kujua natoka wapi. Alinijibu kwamba Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 53, inaagiza kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe, na kwamba agizo hilo halichagui mgeni. Akanisimulia pia jinsi misheni za Lukuledi na Nyangao zilivyoteketezwa mwaka 1905 katika Vita vya Majimaji, na jinsi wamisionari walivyoanza upya hapa Ndanda mwaka 1906. Watu waliounguziwa nyumba wangeweza kufunga malango yao. Hawa waliyaacha wazi, na hilo naliona kubwa kuliko majengo yote niliyoyakuta pale.

Baada ya sala ya mwisho nyumba nzima ilinyamaza. Kulipokaribia kupambazuka nilikuwa natawadha kengele ilipolia. Wao wakaenda kanisani kwa Masifu ya Asubuhi, nami nikatandika mkeka.

Nilipotoka, Sista alikuwa amenisubiri na chupa ya uji. Niliulizia malipo.

“Mpelekee mgonjwa kwanza,” alisema, “ungali wa moto.”