Kishikio chekundu na hewa ya Mwanza

Nilijifunza urubani Dar es Salaam, ambako uwanja uko futi zipatazo 180 tu juu ya usawa wa bahari, na nilitoka huko na mazoea mamoja: kabla ya kuruka, kishikio chekundu cha mafuta, ambacho kikisukumwa huongeza mafuta na kikivutwa huyapunguza, kisukumwe ndani mpaka mwisho. Siku ya kwanza kuondoka Mwanza kwa Cessna 172, ndege ndogo yenye kabureta (kifaa kinachochanganya mafuta na hewa ya injini), nilifanya vivyo hivyo. Ndege ilikimbia, ikakimbia, injini ikiunguruma kwa sauti nzito, mpaka rubani mwenyeji aliyekaa kulia kwangu akasema kwa upole, "Mdogo wangu, unainywesha mafuta kupita kiasi."

Uwanja wa Mwanza uko futi 3,763. Saa nane mchana, joto likifika nyuzi 30, hewa ya hapo kando ya ziwa huwa nyepesi kama ile ambayo kwa vipimo vya kawaida ungeikuta kwenye futi 6,400 hivi. Kabureta hupunguza mafuta kidogo, lakini si kwa kadiri hewa ilivyopungua, kwa hiyo mchanganyiko unazidi mafuta na nguvu inapotea. Aliyewahi kupandisha utambi wa jiko la mchina kupita kiasi anaujua moto ule mwekundu, unaojaza sufuria masizi na maji yasichemke.

Kitabu cha ndege hiyo chenyewe kinaelekeza kwamba, kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000, mafuta yapunguzwe ili kupata mizunguko ya injini ya juu kabisa, ndege ikiwa imesimama na nguvu zote zimefunguliwa. Nami nilikuwa nimekisoma! Siku hizi nasimama mahali pasipo na kokoto, nakanyaga breki, nafungua nguvu zote, kisha navuta kishikio taratibu huku macho yakiwa kwenye sindano ya mizunguko. Inapanda, inasita, inaanza kushuka. Hapo nakirudisha ndani kidogo, kupita ile nafasi ya kilele, kwa sababu mafuta ya ziada kidogo husaidia kupoza silinda. Silirefushi zoezi hilo, maana injini inayofanya kazi kwa nguvu zote bila ndege kusogea hupata hewa kidogo ya kuipoza.

Njia hii ni ya ndege yenye pangaboi lisilobadilika pembe. Lile linalojirekebisha huishikilia mizunguko palepale, hivyo rubani hutazama joto la moshi unaotoka kwenye injini au kiwango cha mafuta kilichoandikwa na mtengenezaji. Injini ya turbochaja kwa kawaida huruka na mafuta yote, kwa kuwa hewa inasukumiwa ndani kwa nguvu.

Nikirudi pwani kazi inageuka: ninapoteremka kuelekea Dar es Salaam nakisukuma kishikio ndani kidogo kidogo kadiri hewa inavyozidi kuwa nzito, maana nikikisahau kilivyokaa angani, injini itakosa mafuta pale nitakapohitaji nguvu zote ili kughairi kutua.