Baba Mdogo wa Gerezani na ganda la risasi lililokatika

Mwezi wa saba nilikuwa nyumbani Dar es Salaam kwa wiki tatu. Siku ya pili nikapanda mwendokasi mpaka Gerezani kumwona Baba Mdogo, ambaye anafua bati na shaba pale tangu mimi sijazaliwa. Nilimkuta ameinamia dele la muuza kahawa mmoja wa Kariakoo. Mdomo wa dele ulikuwa umebonyea, naye anauinua taratibu kwa nyundo ya mti.

"Shikamoo Baba Mdogo."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo. Bunduki umeiacha salama?"

Ndilo swali lake la kwanza kila nikija. Anajua kwamba huko Elverum, Norwei, ninakoishi, nimekuwa mwindaji, na anajua kwamba maganda ya risasi nayajaza upya mwenyewe. Hilo la kujaza upya halijawahi kumkaa sawa. Yeye alipitia JKT Ruvu miaka ya 1970. Kule, anasema, ganda lilikuwa la kuokota, kuhesabu na kumrudishia afande, basi. "Risasi ikishalia, ganda limekufa. Wewe unalifufuaje?"

Nikamweleza. Msimu wa kuwinda elg, mnyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi ambaye dume lake kubwa hupita kilo 400, unafunguliwa tarehe 25 Septemba. Kabla ya hapo, kila mwaka, mwindaji anatakiwa apige risasi 30 za mazoezi, halafu 5 za mtihani kwa shabaha iliyo mita 100. Ukiongeza mazoezi yako mwenyewe ya kiangazi, unapiga risasi nyingi kuliko utakazopiga porini maisha yako yote. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda, fataki (kile kidude cha kitakoni kinachogongwa na kuwasha baruti), baruti na kichwa. Vitatu vinakwenda na mlio. Ganda linabaki mkononi mwako, zima, linang'aa, na ndilo ulilolilipia pesa nzuri. Kulitupa kunauma.

"Sasa linahimili mara ngapi? Tano? Kumi?"

Swali hilohilo nilimuuliza mzee jirani aliyenifundisha kazi hii kule Elverum, na kwa muda mrefu niliamini kwamba iko namba moja ya kushika. Haiko. Klabuni kwetu yupo mwenzangu mwenye maganda aliyokwisha kuyajaza zaidi ya mara 20 kwa baruti ya kiasi, na bado yanaingia kwenye bunduki kama mapya. Mimi nimewahi kupoteza ganda kwenye mara ya nne. Bunduki zetu ni za aina moja, 6.5x55, kipimo cha risasi cha Norwei na Uswidi tangu 1894, na maganda tulinunua pamoja. Tofauti ilikuwa mikono yetu.

Ganda la bunduki ni shaba ya njano: sehemu 70 shaba nyekundu, sehemu 30 zinki. Risasi inapolia, msukumo ndani ya ganda la 6.5x55 unaruhusiwa kufika baa 3,800. Tairi la gari dogo lina baa mbili na kitu. Kwa kufumba na kufumbua ganda linavimba, linajibana kwenye kuta za chemba, yaani chumba cha bunduki linamokaa, na kuziba gesi isirudi usoni kwako, kisha linanywea kidogo ili uweze kulitoa. Lakini halirudi lilivyokuwa. Kwa hiyo nyumbani unalisukuma kwa mashine ndani ya kalibu ya chuma, likaminywe lirudi kipimo chake. Shingo ndiyo inayoteseka zaidi, kwa sababu inavimba kwenye mlio, inaminywa kwenye kalibu, halafu wakati ganda linatoka, kitufe cha chuma kinapita ndani na kuitanua tena ili kichwa kipya kiingie. Inasogezwa mara tatu kwa risasi moja.

Sikumaliza. Baba Mdogo alikwisha kuchukua kipande cha shaba sakafuni, chembamba kama ukanda wa saa, akaanza kukikunja na kukikunjua. "Sikiliza," akasema. Mara ya kwanza kilikunjika kwa vidole tu. Baadaye akalazimika kutumia koleo. Kikakatika.

"Hakikuchoka hiki. Kilikomaa. Shaba ukiifua baridi inakuwa ngumu, na ikiwa ngumu inachanika." Akachukua kipande kingine cha namna ileile, akakikunja mpaka kikakaza, kisha akakiweka juu ya mkaa, akavuta mivukuto kidogo, akakizamisha kwenye ndoo ya maji. Akanipa. Kilikuwa laini tena kama kipya.

Nilikaa kimya. Mimi jambo hilo nililipata kwa kupoteza maganda ya fedha zangu. Mwaka wangu wa kwanza wa kujaza sikuyapasha moto hata mara moja, na kwenye mara ya saba shingo zikaanza kupasuka, ufa mmoja mwembamba kutoka mdomoni kushuka chini. Nilipoanza kuyapasha, nikawa naogopa maji, nikidhani shaba ikipoa ghafla itakuwa ngumu kama patasi. "Hiyo ni chuma," Baba Mdogo akasema. "Chuma cha patasi ukikizamisha kinakaza. Shaba haina habari hiyo. Maji ni ya kukupoozea tu." Miaka yote hiyo naishi na hofu, na jibu liko Gerezani.

Ila kuna jambo moja ambalo ganda linalo na dele halina, na hapa yeye ndiye aliyenisikiliza. Kitako cha ganda hakiguswi na moto kamwe. Shingo inatakiwa iwe laini, kitako kibaki kigumu, kwa sababu ndicho kinachoshika fataki na ndicho kinachobeba msukumo upande wa uso wako. Ukikilainisha umetengeneza hatari kwa mikono yako. Ndiyo maana namna ya kizamani ni kuyasimamisha maganda kwenye sinia la maji, yafike nusu ya mwili, ndipo unapitisha mwali wa gesi shingoni kwa sekunde chache. Na kitako nacho kina uzee wake. Ukijaza baruti kwa pupa, kitundu cha fataki kinatanuka. Siku fataki inapoingia bila ubishi wowote, ganda hilo limemaliza safari hata kama shingo ni nzuri.

Muuza kahawa akaja kuchukua dele lake. Kabla ya kulikabidhi Baba Mdogo alilisugua kwa ndimu na majivu mpaka likawaka. Nikamwambia kwamba hata sisi tunaosha maganda kwa maji yenye asidi ya ndimu, ile ya unga, kidogo tu. Alifurahi sana. Kitu cha kukwepa ni dawa ya kung'arishia yenye amonia. Waingereza walipotawala India, risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi zilipasuka zenyewe wakati wa mvua za masika, bila mtu kuzigusa. Ni mwaka 1921 ndipo ilipoelezwa vizuri kwamba amonia ya mkojo wa farasi ilikuwa inaingia kwenye shaba iliyobaki na mkazo ndani yake. Mkazo huohuo ndio moto unaouondoa, na ndiyo sababu maganda mengi ya jeshi hutoka kiwandani yakiwa na rangi ya moshi shingoni.

Ganda lenyewe lililonipeleka kwake sikulibeba. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na hata lingekuwa tupu nisingethubutu kuliweka begini. Nilikuwa na picha kwenye simu, ganda lile la mara ya nne, nililolipasua kwa urefu kwa msumeno mdogo.

Ilikuwa mwezi wa sita mwaka juzi, kwenye uwanja wa shabaha. Mlio ulikuwa wa kawaida, lakini moshi mwembamba ukatoka pembeni mwa komeo la bunduki na nikahisi joto shavuni. Nilivuta komeo. Kikatoka kitako peke yake, kama kifuniko cha chupa. Mwili wote wa ganda ulibaki ndani ya chemba. Nilikuwa nimevaa miwani, namshukuru Mungu. Mikono ilinitetemeka nisiweze hata kufungua mkoba.

Baba Mdogo alisogeza picha karibu na macho. Akaweka kucha juu ya kitako, pale ambapo ukuta wa shaba ulikuwa umeliwa kwa ndani ukaacha mfereji. "Hapa halikuchanika kwa ugumu. Limevutwa."

Ndivyo. Kosa lilikuwa langu. Niliteremsha kalibu chini mno kwenye mashine, ikawa inalisukuma bega la ganda, pale mwili unapoanza kubana kuwa shingo, nyuma kuliko inavyohitajika. Kinachotosha ni kama 0.05 ya milimita, pungufu ya unene wa unywele. Mimi nilikuwa nazidisha mara kadhaa. Bega likirudi nyuma hivyo, ganda linakuwa fupi kwa chemba. Risasi inapolia, sehemu ya mbele inang'ang'ania kuta, kitako kinasukumwa kurudi nyuma mpaka kigonge komeo, na shaba ya katikati inavutika. Kila mlio unavuta kidogo. Kwa nje unaona tu pete ya mng'ao juu ya kitako, na kwa haraka zangu niliiona nikadhani ni alama ya kalibu.

"Babu yako alikuwa na bunduki ya .303 huko KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki," akasema. Nikamwambia bunduki hizo za Kiingereza ndizo zinazosifika kwa jambo hili. Chemba zao zilichongwa kwa upana makusudi, risasi iingie hata ikiwa na tope la vitani, na anayejaza maganda yake upya bila uangalifu huyakata mapema.

"Ndani unaonaje, kabla hapajakatika?"

Nikasema tunapapasa kwa waya. Akauliza waya gani, nikasema klipu ya karatasi iliyonyooshwa. Hakulipenda jibu hilo. Alinyanyuka, akatafuta kwenye kopo la skrepa akatoa spoku ya baiskeli, akaikata, akainoa ncha kwenye jiwe mpaka ikawa kali kama ya sindano, akaikunja ncha hiyo kwa pembe mraba, urefu wake kama punje ya mchele. Upande wa pili akaufungia kipini cha mti. Akafunga jicho moja, akaichovya ndani ya bomba la shaba alilokuwa amelikwaruza kwa ndani, akaivuta polepole. Nilisikia "tik" kabla hajaniambia nisikilize.

Jana usiku niliketi jikoni hapa Elverum na maganda yangu 50 ya msimu huu, spoku mkononi. Unaingiza, unagusa chini, unavuta ukisikiliza kwa vidole. Mengi yalikuwa laini mpaka juu. Matatu ncha iliingia kwenye mfereji na kukwama, na hata kwa taa sikuona pete yoyote kwa nje. Nimeyabana kwa koleo yakawa bapa, nikampigia Baba Mdogo kumwambia ni matatu.

"Yalipigwa mara ngapi?" akauliza.

Mawili mara sita. Moja mara tatu.