Jicho langu la kuume lilizimika bila maumivu

Nilikuwa kwenye mashini yangu ya kushona, hapa Kamalondo, Lubumbashi, namalizia libaya ya mteja mwenye harusi. Ghafla sindano sikuiona tena. Nikadhani umeme umekatika, lakini redio ilikuwa ingali inaimba. Nikafumba jicho la kushoto: giza. Nikafumba la kuume: kila kitu kiko mahali pake. Hapakuwa na maumivu, wala chozi, wala wekundu, na hilo ndilo lililonidanganya.

Nilinawa uso, nikanunua dawa ya matone famasi, nikalala. Kesho yake kwenye kituo kimoja cha afya wakasema ni vumbi, wakaniongezea matone mengine. Siku ya tatu mke wangu akanishika mkono: «Papa, leo tunaenda kwa docta wa macho, hata kama ni kuuza bitenge vyangu.»

Docta alipanua mboni, akachungulia muda mrefu. Ateri, yaani mshipa unaolisha damu retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilikuwa imeziba. Retina imepauka, katikati limebaki doa jekundu. «Hiki ni kiharusi, Papa, ila kimepiga jicho.» Retina ikikosa damu haivumilii zaidi ya masaa machache, na mimi nilikuwa nimepoteza siku tatu. Hata anayewahi hana dawa ya hakika, alisema, ingawa hospitali chache zenye vifaa hujaribu kuyeyusha damu iliyoganda kama mgonjwa amefika ndani ya masaa 4 na nusu.

Kisha akauliza: «Jicho hili liliwahi kuzimika na kurudi?»

Ndiyo. Wiki mbili kabla, nikikata kitambaa, kitu kama pazia kilishuka kwenye jicho lile lile, dakika tano hivi, kikapanda. Nilisema ni uchovu, nikaendelea kukata. Swali hilo linaniuma hadi leo.

Aliuliza pia kama panja zinauma, kama taya zinachoka nikitafuna. Kwa watu waliopita miaka 50 kuna ugonjwa wa kuvimba mishipa ambao unaweza kuchukua na jicho la pili. Vipimo vya damu vikaonyesha sinao.

Mimi nilitaka tuzungumze jicho tu. Yeye alitaka shingo na moyo. Kipande kinachoziba jicho mara nyingi kimetoka huko, na kingine kinaweza kupanda ubongoni siku chache baadaye. Tansio yangu, yaani shinikizo la damu, ilikuwa 190 kwa 110. Ekografia ya shingo, kipimo cha picha, ilionyesha mafuta yameganda ndani ya mshipa wa kuume. Nikapewa aspirini, dawa ya kolesteroli na za tansio, ninazomeza hata siku ninazojisikia mzima kabisa. Makayabu, samaki wa chumvi, nimeyaacha, na bukari (ugali) ninakula na sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi nyingi.

Jicho halikurudi. Miezi ya kwanza nilimwaga chai mezani, nikagonga mlango kwa bega la kuume, nikaogopa ngazi. Sasa mdomo wa birika naugusisha kwanza kwenye kikombe, ndipo namimina. Uzi nauegemeza kwenye kidole, nausogeza mpaka uguse sindano. Barabarani nageuza kichwa chote, kwa sababu pikipiki za upande wa kuume nazisikia kabla ya kuziona. Na miwani sivui kazini: jicho lililobaki nalilinda na kila kipande cha sindano kinachoruka.

Mwezi uliopita jirani yangu, fundi viatu, alikuja kunywa chai akanisimulia akicheka kwamba asubuhi ile jicho moja lilijifunga kama dirisha, likajifungua lenyewe. Sikumwacha amalize kikombe. Tulikwenda na teksi moja kwa moja hospitali, akilalamika njia nzima kwamba anaona vizuri. Walipompima umeme wa moyo, moyo ulikuwa unapiga ovyo. Wamemlaza jioni ile ile.