Tulikuwa tisa wenye C+

Jana nilishuka steji ya Kilifi mjini nikamkuta mwenzangu wa dawati moja akiuza maembe. Tukakumbatiana. Akaniuliza, "Shoga yangu, chuo vipi?" Nikashindwa kujibu.

Tulifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, pamoja mwaka wa 2023. Kati ya watahiniwa kama 900,000 nchi nzima, waliopata C+ na zaidi, ile alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 201,133. Shule yetu ya kutwa ilitoa tisa, na yeye alinipita kwa pointi tatu. Tatu!

KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo, ilimpa nafasi, na barua ya kuitwa aliipata. Alichokosa ni nauli, pesa za chumba na chakula cha zile wiki za mwanzo kabla mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, haujaingia. Babake alikuwa kitandani, wadogo zake wakidaiwa karo. Mimi mjomba wangu aliuza mbuzi wanne kwenye mnada wa Bamba. Tofauti yetu ndiyo hiyo, mbuzi wanne.

Katika wale tisa, tuliofika chuo kikuu ni wanne. Chumba ninacholala niko na binti aliyesoma shule ya kitaifa. Darasa lao karibu lote limo vyuoni. Inaniuma sana, kwa sababu akili tulikuwa nazo.

Alinifungia maembe matatu, akakataa pesa. Nimemwomba nakala ya matokeo yake. Jumatatu naingia ofisi ya wanafunzi kumuulizia.