Mstari mwekundu wa kontena lililokwisha lipiwa

Makarani wa uwakala wa forodha hawasomi jedwali, wanalitupia jicho tu. Ofisi ninayoihudumia hapa Moi Avenue ina programu ya kompyuta iliyoandikwa kwa Java, kwa Swing, maktaba yake ya kuchora madirisha na majedwali, na kazi yake kubwa ni kuorodhesha kontena zilizoko bandarini Kilindini, Mombasa. Mstari mwekundu maana yake siku za kukaa bandarini bure zimekwisha, gharama inapanda kila kukicha. Wa njano, siku ziko ukingoni. Mingine yote ni myeupe.

Programu hiyo niliirithi kwa fundi mwingine, na simu ya kwanza niliyopigiwa ilitoka kwa karani mkuu: "Mwanangu, hili kontena nimeshalilipia, mbona bado linawaka? Na nikibonyeza hapa juu kwenye tarehe, wekundu unahamia kwa mtu mwingine!"

Hizo ni hitilafu mbili, ila zinafanana sura.

Ya kwanza inatokana na jinsi JTable, yaani jedwali la Swing, inavyochora. Haiundi kijenzi, yaani kipande cha kuchorea, kwa kila seli. Kijenzi ni kimoja, kinachora seli hii kisha kinahamia ile. Na DefaultTableCellRenderer, kichoraji cha kawaida cha seli, ukiiwekea rangi kwa setBackground, inaikumbuka. Fundi aliandika "kama siku zimepita, weka nyekundu" akaishia hapo. Hakusema vinginevyo iwe nini. Basi mstari unaofuata, msafi kabisa, unachorwa na kijenzi ambacho bado kina wekundu wa jirani yake.

Ya pili ni namba ya mstari. Tangu Java 6, ya mwaka 2006, mtumiaji anaweza kupanga jedwali kwa kubonyeza kichwa cha safu. Akishapanga, mstari wa tatu kwenye skrini si lazima uwe wa tatu kwenye data. Ukiulizia data kwa namba ya skrini, unamsingizia asiye na deni.

Dawa yake nimeiweka ndani ya JTable yenyewe:

```java
@Override
public Component prepareRenderer(TableCellRenderer r, int mstari, int safu) {
    Component c = super.prepareRenderer(r, mstari, safu);
    if (!isRowSelected(mstari)) {
        int halisi = convertRowIndexToModel(mstari);
        c.setBackground(rangiYa(halisi));
    }
    return c;
}
```

rangiYa, ile inayotoa rangi ya kila mstari, lazima ijibu kila inapoulizwa, hata jibu likiwa nyeupe. Na lile sharti la isRowSelected usiliache, la sivyo karani atachagua mstari asione kama ameuchagua.

Mnaotumia JavaFX, maktaba nyingine ya Java, msicheke: TableRow, mistari ya jedwali lake, nazo hutumika upya ukisogeza jedwali, kwa hiyo updateItem isiposafisha mtindo wa zamani, yatakukuta hayo hayo. Mimi napenda zaidi utaratibu wa Qt, maktaba ya C++, ambapo modeli yenyewe, inayotoa data, inaulizwa rangi kupitia Qt::BackgroundRole. Rangi inakaa na data yake, mambo ya kupanga hayaigusi.

Msimbo ulipokaa sawa, tukaanza kuvutana juu ya rangi zenyewe. Ile milia ya kijivu ya mstari mmoja ndiyo mmoja siyo niliitoa, kwani njano juu ya kijivu ilikuwa kama tope. Njano nayo niliikoleza: dirisha la ofisi linatazama magharibi, na baada ya alasiri jua likipiga skrini, rangi hafifu haionekani kabisa. Kijani cha "tayari" kikaondoka pia, sababu karani mmoja hatofautishi kijani na nyekundu, jambo linalowapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Kwa ajili yake nimeongeza safu ya Hali yenye neno kamili: IMEPITA, au siku zilizobaki. Kumbe hata wenye macho mazima ndiyo wanayoisoma wakiwa kwenye simu na mteja.

Bosi akaja na yake. Anataka samawati kwa wateja wa siku nyingi, zambarau kwa mizigo ya kwenda Uganda, na waridi kwa wanaochelewesha hati.

"Ami," nikamwambia, "hilo litakuwa leso, si jedwali."

Alicheka, lakini samawati hajaisahau. Nimempa kichujio cha kuonyesha wateja hao peke yao. Wiki hii anakijaribu.